Hori Yetu na Ardhi Isiyokuwa Yangu

Siku hizi nikipita barazani watu huniambia, "Hongera mzee, hori umetuchimbia." Mimi huitikia Alhamdulillahi nikakaza mwendo. Wao hudhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu wapi! Ni aibu, na imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, hata nikimeza matonge makavu haiteremki.

Hori yetu ni kidole cha bahari kilichoingia mtaani kwa nyuma ya nyumba, hapa Malindi. Maji ya mvua kutoka juu yote hutokea hapo yakaenda zake baharini. Utotoni tulikuwa tukijitosa humo kwa kichwa. Baadaye mchanga ukajaa, tope likajaa, mifuko na vifusi vya wajenzi vikajaa, mpaka mbuzi akawa anavuka asilowe magoti. Basi masika ikija, maji hayana njia, na maji yasiyo na njia huingia majumbani. Nyumba yangu ndiyo iliyo chini kuliko zote, kwa hiyo huanza kwangu.

Mke wangu miguu yake imekufa ganzi. Hutembea kwa bakora na kwa kushika kuta, na akichoka hukaa alipo. Masika ya mwaka juzi maji yalitukuta kitandani alfajiri, yakapanda upesi, nami nikajaribu kumwinua mgongo ukakataa. Ikabidi niite watu. Wakaja wanaume wakambeba juujuu, yuko na kanga ya kulalia, kichwa wazi, mtaa mzima umesimama kwenye vizingiti unatazama. Mwanamke ambaye tangu nimwoe hajatoka mlangoni bila buibui. Jioni alipokwisha kukaushwa na kupewa chai aliniambia neno moja tu: "Siku nyingine niache humu humu. Sibebwi tena na wanaume nikiwa hai." Nilimjua. Akisema neno lake halirudi.

Kwa hiyo ile habari ya ushuru ilipoletwa, mimi niliidaka kwa mikono miwili. Kaunti ilisema haina fungu la kuchimba hori moja ya mtaa mmoja. Lakini wenye viwanja kandokando ya hori wakikubali, eneo lao litatengwa, na kila kiwanja kitatoa ushuru wa ziada; kinachogusa maji kitoe zaidi, kilicho nyuma kitoe kidogo. Pesa hizo zitakaa mbali, ziite tingatinga lizoe tope, zisiguswe kwa jambo jingine. Sharti ni kwamba zaidi ya nusu ya wenye viwanja wakubali.

Lo, nilivyojipa kazi! Nilistaafu kwenye hoteli za ufukweni, nilikuwa mkuu wa wahudumu, na mdomo ninao. Nilipita nyumba kwa nyumba nikieleza, nikibembeleza, wengine nikiwagombeza. Ng'ambo ya hori wamenunua viwanja watu waliokuja kutoka bara na kutoka Ganze huko. Mmoja ni fundi mwashi, kwao Vitengeni, ndiye jirani yangu wa kutazamana. Alikuwa mmoja wa wale walionibebea mke wangu. Yeye alisitasita kidogo juu ya ushuru, akasema kazi za ujenzi zimelegea. Nikamwambia mbele za watu, kwenye kahawa, kwamba yeye amekuja juzi tu na hori haijui. Sisi wenye mji wetu ndio tunaojua thamani yake. Akacheka, akasema, "Haya mzee, wewe ndiwe mwenye mji." Nami nikaipokea hiyo kama haki yangu.

Mkutano ulifanyika uani kwa madrasa. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikakaa mbele, nikasimama nikasema mpaka nikapigiwa makofi. Kisha yule afisa, binti mpole wa miwani, akatandika ramani mezani akaanza kuita viwanja kwa nambari, kila mwenyewe ainue mkono. Akaita, akaita. Fundi akaitwa, akainua mkono, akakubali. Afisa akafika mwisho akaikunja ramani, na mimi sijaitwa.

Nikainua mkono. Nikamwambia amenipita. Akaniita mezani nikamwonyesha kwa kidole nyumba yangu ilipo. Akaitazama, akanitazama, akateremsha sauti, lakini ua mzima ulikuwa kimya kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Mzee, kiwanja hiki chenye nyumba hizi zote juu yake kina mwenyewe mmoja, naye leo hakuja. Wewe una hati?"

Nikasema nina nyumba.

"Nyumba ni yako. Kura ni ya mwenye ardhi."

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Babu yangu aliruhusiwa na mwenye ardhi ajenge, akajenga. Kuta ni zetu, paa ni letu, tunarithishana, ila udongo ulio chini ni wa watu, na tunautolea ijara. Nyumba bila ardhi. Nusu ya mtaa wanaishi hivyo na hakuna anayeona haya. Aibu yangu ni kwamba mimi nilikuwa nimejisahaulisha. Ijara hupelekwa na mke wangu. Zamani kwa miguu yake, sasa kwa mkono wa mtoto wa dada yake. Mimi sikuwahi kuipeleka hata mara moja, na haikutajwa mbele yangu, maana nikitajiwa nilikuwa nafura. Na mwenye ardhi mwenyewe siku hizi ni binti aliyerithi kwa babake, mtoto niliyekuwa nikimnunulia visheti akipita na chuo chake kwenda madrasa.

Basi nimesimama pale mezani, mkono ungali juu. Nilisahau kuushusha. Akasimama fundi wa Vitengeni, akasema mzee huyu mumhesabu, yuko hapa tangu yeye hajazaliwa, na bila yeye mkutano wenyewe usingekuwapo. Alinitetea, wallahi, kwa moyo safi. Natamani angenitukana. Nikamwambia kwa ukali akae chini, haya hayamhusu, kisha nikatoka uani nikaacha viatu, nikarudi nyumbani pekupeku kama mwendawazimu.

Kura zikawa sawa kwa sawa. Kiwanja kimoja tu ndicho kilichobaki kuamua, kile tulichojengea sisi, na mwenyewe akapewa mpaka Ijumaa jioni aende kwa chifu akatie sahihi, akikubali au akikataa.

Yule binti mwenye ardhi hakuwa na ubaya. Alileta salamu, akasema ushuru utaandikwa jina lake na kwa hiyo itabidi aongeze ijara kwa sisi wenye nyumba; hataki kuwatwika watu mzigo bila ridhaa yao. Ami, ndivyo aniitavyo, aje amwambie kwamba wenye nyumba wamekubali, naye atatia sahihi papo hapo. Ndiyo yote aliyoyataka. Wenzangu wenye nyumba walikwisha kukubali. Nilikuwa nimewashawishi mimi mwenyewe. Ilibaki nivae viatu niende mitaa miwili, nikae kitini kwake, niseme, "Mwanangu, ardhi ni yako, tunakuomba."

Sikwenda. Nilisema mengi. Nilisema mimi siendi kupiga magoti kwa kitoto. Nilisema akitaka maneno yangu anifuate yeye, mimi ndiye mkubwa. Nilisema hori na ijae mpaka pomoni, nimechoka kuhangaikia watu wasionihesabu. Mke wangu alikuwa kitandani akichambua mchele kwenye ungo, akinisikiliza. Aliniuliza mara moja tu, "Huendi?" Nikamjibu kwa kelele. Akarudi kwenye mchele wake.

Ijumaa nikaenda msikitini mapema, kumkimbia. Tulipotoka, jua kali, wanaume wamejaa kwenye vidaraja vya mlangoni na njiani wakiamkuana, nikasikia gurudumu linalia. Mkokoteni ulikuwa ukija katikati ya njia. Aliyekuwa akiusukuma ni fundi, na fulana yake imelowa jasho. Juu ya mkokoteni, kwenye gunia lililokunjwa, amekaa mke wangu kwa buibui lake, miguu imening'inia, mkono mmoja umeshika ukingo na mwingine umeshika bakora.

Watu wakapisha. Njia ni moja, kwa hiyo hakuwa na pa kupitia ila mbele yetu sote. Aliyeapa kwamba habebwi tena amebebwa mchana kweupe, Ijumaa, mbele ya msikiti, kama gunia la chokaa. Nami nilijua anakokwenda, kila aliyenizunguka alijua, na nikajua pia kwamba ni mimi niliyepaswa kuwa nimeshika mipini ile. Hatua chache tu. Ningeteremka kidarajani, nikasema, "Lete bwana, nitamsukuma mimi." Fundi alinitazama kana kwamba anangoja niseme hivyo hasa.

Nikainama. Nikajifanya natafuta viatu vyangu, navyo viko miguuni.

Nilimsikia mke wangu akiwatolea salamu wanaume, sauti yake shwari, nao wakaitikia kwa pamoja. Mimi niliitikia nikiwa nimeinama hivyo hivyo, nikiwatazama siafu ardhini. Sikuinuka mpaka gurudumu likapinda kona. Mmoja aliyekuwa karibu yangu akajisogeza kando kidogo, kwa adabu.

Alasiri alirejeshwa. Fundi alimshusha mlangoni kwa kumpa bega tu, akanisalimia "Shikamoo mzee" kama siku zote, akaondoka na mkokoteni wake. Mke wangu aliingia akishika ukuta, akaketi, akavua buibui akalikung'uta vumbi la saruji. Nilingoja anishambulie. Wallahi nilimwomba Mungu anishambulie.

"Ametia sahihi," akasema. "Tumekwenda naye mpaka kwa chifu. Amekubali."

Nikauliza binti alisema nini alipomwona yuko juu ya mkokoteni.

"Alilia kidogo, akauliza ami yuko wapi." Akanyoosha miguu, akaanza kuikanda mwenyewe kwa vidole. "Nikamwambia umenituma wewe. Nikamwambia ungekuja mwenyewe, lakini mgongo umekukamata tangu jana, huinuki. Basi usitoketoke leo, wasije wakakuona."

Kisha akaomba chai. Nikaenda jikoni, nikainjika maji, yakachemka, nami nikabaki nimesimama mbele ya jiko mpaka akaniita mara ya pili.