Sentensi Iliyomwacha Baba Barabarani

Mwalimu mstaafu, mjane wa karani wa mahakama, alivaa miwani akasoma sentensi ambayo bintiye angempelekea mtayarishaji wa filamu alasiri ile: "Karani mwaminifu anafukuzwa kazi kwa kuiba faili."

Akaishusha karatasi mezani.

"Unataka kumwanika marehemu baba yako?"

"Mama, jina lake halimo. Sentensi ya kunadi filamu inataja kazi ya mtu tu."

"Na mji huu umefukuza makarani wangapi? Majirani si wajinga, mwanangu."

"Lakini hadithi yenyewe inaendelea."

"Inaendelea wapi, nawe umemfukuza ukamwacha barabarani? Alikaa akilia?"

"Hapana. Alimtafuta mwizi wa kweli."

"Na mwizi alikuwa nani?" Aliuliza kama yuko darasani, ingawa jibu alilijua.

"Hakimu. Rafiki yake aliyemsimamia harusi."

"Sasa hayo umeyafungia kabatini ya nini?"

Akachukua kalamu, akaandika: "Karani anayesingiziwa kuiba faili lazima amshtaki hakimu aliyemsimamia harusi, la sivyo wanawe wataitwa watoto wa mwizi."

Binti aliisoma, akaruka kitini. "Mama wewe! Kuna anachotaka, kinachomzuia na atakachopoteza. Mimi nimehangaika wiki nzima!"

"Wewe ulisimuliwa. Mimi nilikuwepo."

Mjane alirudisha miwani kwenye kasha lake.

"Ipeleke," alisema. "Na majirani wakimtambua, safari hii wamtambue vizuri."