Salamu Zilizotangulia Miche

Jumapili, Novemba imefika katikati. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye paa la jiko, hatukuuona hata mti wa peasi ulio uani. Adhuhuri jua likachungulia, alasiri manyunyu yakarudi. Mvua ya namna hii ndiyo tunayoiomba sisi watu wa vitalu. Haina haraka, inalowesha udongo polepole, na mche ukipandwa siku kama ya leo haushtuki.

Leo kirikuu, gari dogo la mizigo, imeondoka na miche ya mwisho iliyokuwa na hali ya kuuzika. Nimekaa jikoni kuandika ilivyokuwa, kabla sijaanza kujipa sifa zisizo zangu. Mimi niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa kusuasua, kwa hiyo nikipitiwa na jambo nisamehewe.

Kitalu ni cha mama mkwe. Alikianzisha na marehemu baba mkwe kwenye kipande cha ardhi chini ya nyumba, karibu na kijito, huku kwetu njia ya kwenda Lukozi. Tunaotesha parachichi za kienyeji, halafu mama anazibebesha: anakata ncha ya mche, anachomeka kijiti cha mti wa aina ya kisasa, anafunga kwa nailoni na kusubiri vishikane. Mimi najaza udongo kwenye vifuko vya nailoni tunavyoviita viriba, namwagilia, napokea simu. Nilipoolewa hapa sikuwa na la kuzungumza na mama mkwe, naye hakuwa na la kuzungumza nami. Ni kwenye kile kitalu tulipoanza kuongea, yeye akinionyesha jinsi ya kushika kisu nisijikate. Kwa hiyo ninaposema kitalu, sisemi biashara peke yake.

Vuli ya mwaka jana mnunuzi mmoja wa mbali alituagiza miche mingi kuliko tuliyozoea. Tukaotesha. Mwezi wa saba akaja mwenyewe, akaeleza kuwa shamba alilotaka kukodi amelikosa, hataweza kuichukua. Nisimseme vibaya. Alikuja uso kwa uso, hakujificha nyuma ya simu. Ila miche ikabaki.

Na mche haukai kwenye kiriba milele. Mizizi ikitoboa nailoni na kuingia ardhini, ukiunyanyua unaikata, na mingi hufa. Mama akasema wazi kwamba vuli hii ikipita miche haijatoka, ataing'oa yote na ardhi atamkodisha jirani anayelima kabichi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya gulio. Jirani alishakuja kupima kwa hatua, na nimtendee haki, alibisha hodi kwanza na kuomba ruhusa. Lakini mimi nilimtazama akipima nikahisi kama anapima kaburi. Sijui kama ni sawa kuandika hivyo, ila ndivyo nilivyohisi.

Tovuti tulikuwa nayo. Alitutengenezea dada mmoja mwenye steshenari mjini Lushoto, rika langu tu, ambaye anajua mambo hayo. Aliniambia nimpelekee maneno. Nikayaandika nyumbani, mama akiwa pembeni anasikiliza. Nilianza na miche, akanikata kauli. Alisema kwa Kishambaa, nami naandika kwa Kiswahili:

"Unaanza kuuza kwa watu hata hujawasalimu?"

"Mama, ni ya kusoma tu."

"Na anayesoma si mtu? Hujui ni nani. Anaweza kuwa sheikh, anaweza kuwa rika la babako. Ukimpa shikamoo mdogo, wewe hupungukiwi. Ukimnyima mkubwa, watasema hatukukulea."

Ikawa hivi: Assalamu alaikum. Shikamooni wakubwa zetu, nanyi wadogo zetu hamjambo? Habari za huko mliko, za watoto na za mashamba? Mlio bondeni poleni na joto, wenye wagonjwa tunawapa pole, waliofiwa Mungu awape subira. Sisi huku hatujambo, ni baridi tu. Baada ya hayo yote ndipo miche ikafuata, kama mtoto aliyechelewa shule anayejipenyeza mlangoni.

Nilikuwa nimeridhika nayo. Niliona tumejieleza kama watu wenye adabu.

Miezi ikapita. Waliopiga simu walikuwa ni wale wale wanaotufahamu siku zote. Mwezi wa tisa nikaenda mjini kumuuliza yule dada kama tovuti imekufa.

"Haijafa, dada. Hebu tujifanye wateja." Akachukua simu yake akaandika: miche ya parachichi Lushoto. Vikaja vitalu vya Njombe, vya Arusha, vya Morogoro. Akasogeza, akasogeza tena. Tulipotokea tulikuwa chini kabisa, na maneno yaliyoonekana chini ya jina la kitalu yalikuwa ya kuwapa pole wenye wagonjwa.

Alicheka mpaka mzee aliyekuwa anatoa kopi akageuka.

"Dada'angu! Mtandao unadhani mnauza salamu!"

"Miche si ipo hapo chini?"

"Nani atafika chini? Mtu ameshachimba mashimo, mvua inakuja, anatafuta mche, wewe unamuuliza habari za watoto!"

Yule mzee akasema, "Mimi nina mgonjwa nyumbani. Hizo pole nazipokea." Tukamwombea mgonjwa wake apone haraka, tukacheka wote watatu.

Halafu dada akaacha kucheka. Alisema kosa ni lake pia, kwamba siku ile duka lilijaa watu, akachapa bila kusoma. Naliandika kwa sababu alilisema mwenyewe, ingawa mimi naona kosa kubwa lilikuwa letu. Akanieleza kwamba mtandao unatazama kwanza vichwa na maneno ya juu, unayalinganisha na kile ambacho mtu ameandika anapotafuta. Kama mtu anauliza habari za mche na wewe unajibu habari za mche, mtakutana. Kama hujataja mahali ulipo, wa jirani hatajua kuwa uko jirani.

"Watu wakikupigia simu wanauliza nini?" akaniuliza.

Nikamtajia. Mche unaanza kuzaa lini? Mnafikisha Korogwe? Parachichi inavumilia joto la Mombo? Kwa nini mche wangu umekauka ncha?

"Basi hayo ndiyo ya kuandika. Yaandike kama wanavyoyasema, na ujibu kama unavyowajibu. Usinitungie insha."

Nilirudi nyumbani na kazi ngumu zaidi ya kuandika, nayo ni kumwambia mama. Nilimkuta kitaluni anabebesha, kipande cha nailoni kinaning'inia mdomoni.

"Mama, wanasema salamu zetu zinazuia wateja."

Akaitoa nailoni mdomoni. "Wanasema kina nani?"

"Mtandao."

"Mtoto wa nani huyo, mpaka salamu zimchoshe?"

Nilishika ndoo nikaenda kumwagilia miche ambayo ilikuwa imeshalowa.

Jioni mume wangu alikuwa ananawa miguu barazani, mama akamshtakia. Nilidhani atacheka tu. Akasema, huku anajisugua kisigino, "Lakini mama, hao watu si ndio wanaokuja kwetu? Anayekuja ndiye anayebisha hodi na kusalimu. Mwenyeji anakaribisha."

Mama akamtazama. Mimi nikadandia hapo hapo. "Kweli, mama. Hatujaenda kwao. Yule anayefungua ameingia uani kwetu. Tunamsimamisha mlangoni na maswali kumbe amechoka, anataka kuona miche."

Nikiwa mkweli, nusu ya wazo ni ya mume wangu, na hiyo nusu nyingine sina hakika kama ni yangu au nilisukumwa na hofu ya kabichi.

Mama akasema, "Basi mkaribishe. Mwonyeshe alichofuata. Akitaka kuondoka, mwambie awasalimie nyumbani. Hilo mtu asiliondoe, hata huyo mtandao akilia."

Nikaandika upya. Juu kabisa nikaweka: Karibu. Miche ya parachichi iliyobebeshwa, Lushoto, njia ya Lukozi. Nikataja na kwingine tunakoweza kufikisha, Soni, Bumbuli, Mlalo, Mombo, Korogwe. Chini yake yakafuata maswali. Kwenye lile la kuzaa nikaandika kwamba ukitunzwa vizuri unaweza kuanza mwaka wa tatu, wengine huchelewa, na wetu mmoja nyuma ya choo umekataa mpaka leo.

Dada wa steshenari akasoma. "Choo kitoe."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli, ila si kila kweli inatembezwa mjini." Choo kikatoka, mti uliokataa ukabaki. Kwenye swali la ncha kukauka niliandika sababu ninazozijua, na mojawapo ni mche kukaa kwenye kiriba mpaka mizizi ikajikunja, na kwamba hilo huwa kosa la muuzaji, nasi limewahi kututokea. Dada alinitazama, akaliacha. Mwishoni tukaweka: Wasalimie nyumbani.

"Sasa usitegemee kesho," akaniambia. "Ni kama mbegu zenu. Ukifukua kila siku kutazama, unaziua."

Sikufukua, ila nililala na simu chini ya mto. Wa kwanza kupiga ambaye hatukumfahamu alikuwa mama mmoja wa Zirai, kule Muheza. Akauliza kama miche yetu itafaa kwao. Nikamwambia sijawahi kuiona ikiwa huko, na kwao ni tofauti na kwetu, amuulize kwanza bwana shamba wake. Akashukuru, akakata. Mume wangu alikuwa anasikiliza. "Umempata mteja, umempeleka kwa bwana shamba," akasema. Yule mama hakupiga tena. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Wengine wakaja. Mwalimu mmoja wa Korogwe, kijana wa Mlalo, mzee wa Soni aliyetaka miwili tu ya kupanda pembeni mwa msikiti. Kila mmoja nilimuuliza ametupata wapi, maana sitaki kuisifia tovuti kwa kazi ya majirani. Mzee wa Soni alielekezwa na mtu. Wengine waliuliza mtandaoni wakatukuta.

Na hatimaye kikundi cha wakulima wa upande wa Bumbuli. Katibu wao alikuwa na miche iliyokauka ncha, aliyoinunua kwingine. Aliandika swali lake kama lilivyo akatukuta sisi. Walikuja watatu. Mmoja, mama mnene mwenye sauti, hakukaa hata kwenye kiti tulichomtolea.

"Tumesoma mlivyojisema wenyewe," akamwambia mama. "Sasa tunataka kuona hiyo mizizi yenu."

"Shikamoo kwanza," katibu akamnong'oneza.

"Jamani, shikamoo mama! Nisamehe, mizizi imenitoa adabu."

"Marahaba," mama akasema, na nilimwona anazuia kicheko. Akainama mwenyewe, akapasua kiriba kimoja mbele yao. Mizizi ilikuwa myeupe, imeshuka vizuri. Nikawaonyesha safu ya ukingoni ambako mizizi ilishaingia ardhini, nikawaambia ile wasichukue. Wakaiacha. Nyingine yote wakaitaka, wakaja kuibeba kwa mafungu kadiri mashimo yao yalivyokuwa tayari, na leo ndilo fungu la mwisho.

Kirikuu ilipopotea kwenye ukungu mama alibaki amesimama kwenye ardhi tupu, kwenye alama za mviringo zilizoachwa na viriba. Nikaogopa kumuuliza. Kisha akapandisha kwa jirani, na mimi nikamsikia kutoka uani akimwambia kwamba anamshukuru kwa kumsubiri, lakini ardhi bado ina kazi. Jirani akasema, "Basi mama, heri." Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Aliporudi, mama aliniambia kesho nikusanye kokwa za kuotesha na nitafute mchanga wa kuchanganyia udongo.

Nimempigia dada wa steshenari kumshukuru. Amesema asishukuriwe yeye, washukuriwe walionipigia simu miaka yote kuniuliza maswali. Nimemwambia nitawashukuru wote na yeye akiwemo, na kikapu cha mayai kinakuja, asibishane. Namshukuru na yule mnunuzi aliyekuja kutuambia ukweli mapema, na mume wangu kwa kisigino chake. Mama nitamshukuru namna gani, sijui. Nimeanza kwa kumwekea maji ya moto ya kunawa miguu.

Miche ya safu ya ukingoni tumeiacha pale ilipojichagulia. Labda itakua, labda haitakua.

Jioni hii tumekula viazi vya kuchemsha na maharage, mboga ya mnavu pembeni, na mama ameongeza mara mbili.