Jina la Mama Lodge Lilikuwa Langu

Admin, jina langu baki nalo wewe, hapa Babati tunajuana. Mimi ni dada wa miaka arobaini na mbili, sijaolewa, sina mtoto. Nina wivu na wifi yangu, mke wa kaka, na sasa wivu wenyewe unanila.

Lodge yetu iko karibu na ziwa. Marehemu mama aliianza kwa kuwapikia madereva wa malori ugali na kambale, baba akaongeza vyumba vitatu vya kulala. Mama alipofariki nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kaka akaendelea na masomo, mimi nikabaki na mashuka. Nimefua mashuka ya watu mpaka vidole vikachubuka, na vyumba vikazidi kuongezeka.

Huku kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Mama Neema, Mama Daudi. Mimi wangeniita nani? Wageni ndio walioniokoa. "Mama Lodge, maji ya moto!" "Mama Lodge, njoo uone viboko!" Hata baba akazoea. Wauza mboga wa sokoni wakiniita hivyo, naitika kama nimezaa.

Kaka akaoa. Wifi kasomea mambo ya hoteli, mchangamfu, na uzuri anao, nisiseme uongo. Akaja na mpango wake: mtu analipia chumba mara moja, halafu wiki moja ya kila mwaka inakuwa yake, anakuja na familia au anampa nduguye. Nilicheka. Nikamwambia baba, "Nani atanunua wiki?" Jamani, wakanunua! Leo tuna ghorofa na bwawa la kuogelea, na wiki ya Krismasi huipati hata ulie.

Siku moja niko jikoni, baba akaita akiwa mlangoni, "Mama Lodge!" Nikaitika, "Abee, baba!" Wifi naye akaitika kutoka mapokezi. Baba akanitazama, akasema, "Si wewe mwanangu, namwita mwenzako."

Nikarudi kwenye masufuria yangu. Yeye ana mtoto, ni Mama Brayan! Majina mawili ya nini? Tangu siku hiyo akicheka naona ananicheka mimi. Akivaa kitenge kipya roho inaniuma. Juzi mgeni kalalamika supu aliyopika wifi imezidi chumvi, nikafurahi mpaka nikajiogopa.

Na baya zaidi, ananipenda. Wiki iliyopita kanishika mkono: "Wifi, umechoka miaka mingi. Nimekutengea wiki yako ya kila mwaka, chumba kile kinachotazama ziwa. Upumzike kama mgeni." Kama mgeni! Chumba chenyewe kimejengwa palipokuwa jiko la mama. Nikasema asante, nikaenda chooni kulia.

Sasa Jumamosi hii wenye wiki zao wanakusanyika, na kaka anataka wasikie historia ya lodge tangu mwanzo. Baba kasema anayeijua yote ni mimi, nisimame niisimulie. "Ukimaliza, mkaribishe Mama Lodge aongee." Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Nikikataa watajua ni wivu. Nikikubali nimemkabidhi mbele ya watu. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Ila msiniambie nimwombee, nimeshamwombea sana. Niambieni hili tu: nikishamwita yeye Mama Lodge, mimi nitaitwa nani?