Mizinga Hamsini na Minne

Mume wa dada yangu alipofariki aliacha mizinga hamsini na minne ya nyuki katika miombo ya upande wa Sikonge. Aliacha pia mke, binti wawili, na wazazi wake wote wawili wakiwa hai. Sisi tulikuwa Waislamu wa mjini Tabora, na enzi zile za Mwingereza mirathi yetu iligawanywa na sheikh wa mtaa. Sheikh huyo alikuwa rafiki wa siku nyingi wa baba wa marehemu. Hilo nililiandika katika daftari langu kabla ya hesabu yoyote.

Mafungu niliyajua. Mke hupata thumni, yaani moja ya nane. Binti wawili thuluthi mbili. Baba sudusi, yaani moja ya sita, na mama vivyo hivyo. Thumni ya hamsini na nne ni sita na robo tatu, lakini dada yangu alipewa mizinga sita. Nilipouliza, sheikh alijibu kwamba mafungu yamezidi mali, kwa hiyo kila mmoja amepunguziwa. Mafungu hutoka ndani ya mali, yataizidije? Niliona ni maneno ya mtu anayefunika jambo.

Nilikuwa fundi viatu, na baada ya chuo cha Kurani nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha hesabu cha kununua sokoni, ambacho mchwa walikuwa wamekula kurasa za kujumlisha sehemu, wakabakiza kichwa cha sura tu. Basi nikajitungia kanuni: namba za juu zijumlishwe na za juu, za chini na za chini. Juu nikapata tano, chini ishirini na tatu. Haifiki hata robo.

Nilirudia mara nne, jibu likawa lile lile. Kanuni sikuitilia shaka. Niliwatilia shaka watu. Kama mafungu yote ni tano tu katika ishirini na tatu, na ndiyo hiyo mizinga hamsini na minne, basi marehemu aliacha mizinga mia mbili arobaini na minane na kitu. Karibu mia mbili ilikuwa imefichwa msituni. Nikaanza kukumbuka kwamba baba mkwe wa dada yangu alikwenda Sikonge mara mbili wakati wa matanga, na kwamba nyumbani kwa sheikh niliona kibuyu kipya cha asali.

Nilimwendea dada yangu, aliyekuwa bado katika eda nyumbani kwa wakwe zake, nikamweleza kwa sauti ya chini hesabu yangu yote, na kwamba Ijumaa baada ya swala nitasimama mbele ya watu na kumtaja sheikh. Alikuwa akichagua choroko kwenye ungo. Hakuinua macho.

“Wewe utasimama Ijumaa,” alisema. “Mimi ndiye nitakayeamka kwao Jumamosi, na wanangu.”

Nikamwambia hesabu haidanganyi.

“Hiyo mizinga mia mbili, mdogo wangu, nyuki wake wanakula nini? Haya, nusu na nusu kwa kanuni yako ni ngapi?”

Niliandika. Moja na moja mbili. Mbili na mbili nne. Mbili ya nne. Nusu.

“Kwa hiyo nikikupa nusu ya mkate, halafu nusu nyingine, umekula nusu,” alisema. “Ndiyo maana umekonda.”

Sikucheka. Nilimwomba choroko. Nilitafuta namba inayogawanyika kwa nane, kwa tatu na kwa sita bila kubaki kitu, nikapata ishirini na nne. Nikahesabu choroko ishirini na nne juu ya mkeka, nikaanza kuzigawa pembeni, sakafuni. Binti kumi na sita. Baba nne. Mama nne. Zikaisha. Dada yangu alitakiwa apate tatu, na mkeka ulikuwa mtupu.

Niliinua mkeka. Nilimtazama kuku aliyekuwa mlangoni. Nikahesabu upya, na mara ya pili pia zikapungua tatu. Yalihitajika mafungu ishirini na saba, na mali ilikuwa ishirini na nne. Hapo ndipo nilipogawanya hamsini na nne kwa ishirini na saba, nikapata mbili, na tatu za dada yangu zikawa sita. Wakwe zake nao walikuwa wamepunguziwa kwa kipimo hicho hicho.

Ijumaa sikusimama. Watu walipotawanyika nilimwamkia sheikh, akaitikia marahaba, kisha akasema amesikia nina hesabu yangu. Aliyemwambia sikumjua, na hilo pia niliandika.

“Ilikuwa na kosa,” nilimjibu.

“Umepata ngapi sasa?”

“Ishirini na saba.”

Alitikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Wala hakuniuliza nilikusudia kusema nini.

Wiki iliyofuata niliazima baiskeli, nikaenda Sikonge, nikatembea mti kwa mti. Mizinga ilikuwa hamsini na minne. Niliihesabu tena nikianzia upande wa pili, kisha nikachonga alama ya dada yangu kwenye sita.