Kifaa Nilichokichemsha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoamka mikono ikiwa kwenye usukani na lori likiwa katikati ya shamba la mihogo. Ilikuwa saa nne asubuhi, barabara ya Lukafu. Nyuma nilikuwa nimebeba akina mama na magunia yao ya mahindi. Mmoja wao, Mama Ngalula, alivunjika mguu.

Usidhani nilikuwa nimelewa. Kila nilipolala koo lilijiziba, pumzi ikakatika, nikashtuka, na mambo yakawa hayo hayo hadi kunakucha. Mchana nilikuwa mtu wa kusinzia tu. Nami, kwa ujinga wangu, nilijivunia kukoroma. Miaka ile viwanda vilikuwa vimefungwa na maduka yameporwa, na mwanaume anayekoroma alidhaniwa ameshiba.

Mke wangu hakudanganyika. Alinipeleka mtaa wa Katuba kwa mzee mmoja, daktari wa meno, aliyefanyia kazi sebuleni kwake tangu mishahara ilipokoma. Alipima meno yangu, akanitengenezea kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa ninapolala. Kilisogeza taya la chini mbele kidogo, hewa ikapita. Nilianza kuamka mwepesi, hata nikajishangaa.

Kisha kipindupindu kikaingia mjini. Nyumbani tulichemsha kila kitu, maji, vijiko, chupa za watoto. Nami nikakitumbukiza kifaa sufuriani, ingawa mzee alikuwa amenionya nikioshe kwa maji baridi tu. Kilipinda, kikakataa kuingia kinywani. Nikaona aibu kumrudia. Nikakificha, nikaendelea kuendesha lori, hadi siku ile ya mihogo.

Nilipokwenda hatimaye, nilitegemea kufokewa. Nilipomweleza ajali ya shambani, mzee alikigeuzageuza kile kifaa kilichopinda mkononi.

“Unaniona haya ya nini, mwana? Kinywa yako yote niliisha kuiona,” akasema. “Ungekuja siku ile ile, ningekutengenezea ingine. Sasa muguu ya ule mama, nani ataitengeneza?”

Alinitengenezea kingine. Mama Ngalula alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga. Changu kilimwangukia mwingine, na hilo bado linaniuma. Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa pumzi yako inakatika usingizini, usicheke, tafuta daktari. Ulichopewa kitumie ulivyoelekezwa. Ukikiharibu, rudi siku hiyo hiyo useme, “Nimekiharibu.”

Mungu akujalie usingizi wenye pumzi, na wote unaowabeba washuke kwa miguu yao.