Kalamu Yenye Mguu

Wateja walimpa jina la Mkono wa Pamba, naye hakulikataa, kwa sababu lilimletea wateja wengine. Alikuwa mpambaji wa macho. Nywele hakugusa, kucha hakugusa. Aliyetaka hayo alimwelekeza ng'ambo ya barabara kwa msusi, na msusi naye aliwaelekeza wenye shida ya macho upande huu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa: kioo, taa, dirisha lililotazama ukuta, na kiti cha kuegemea alichokinunua kwenye kliniki ya meno iliyofungwa, baada ya kumchosha mwenye nacho kwa maneno mpaka akamwongezea na mto.

Siri ya kazi yake ilikuwa kidole cha mwisho. Kabla wanja haujafika popote, kidole hicho kilitua shavuni mwa mteja kikakaa hapo, kama mgeni anayepiga hodi. Jicho likishazoea jirani yake kuguswa, halirukiruki. Ndipo mstari ulipopita ukingoni mwa kope, na mteja akashangaa kuambiwa ainuke.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka.

Mwanzoni alilaumu chai, halafu usingizi, halafu taa. Daktari akamwambia ugonjwa huo hautamuua na wala hautaondoka, akampa vidonge vilivyomfanya asinzie ameshika brashi. Akaviacha, akabuni ujanja wake: mstari ukipinda, aliunenepesha mpaka ule upindo ukamezwa, akamwambia mteja kwamba siku hizi wanja mnene ndio unaovaliwa. Ujanja ukauzika, maana kuuza alijua. Lakini mstari nao una kikomo cha kunenepa. Siku moja mwalimu mmoja aliinuka kitini, akajitazama kiooni, akauliza kwa upole ni nani amempiga.

Wa kwanza kugundua, hata hivyo, hakuwa mteja. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mashine za kunyolea, mwenye meza chini ya ngazi za jengo hilohilo. Mtu huyu alishinda akisikiliza vitu vinavyotetemeka, akijua kipi kinatetemeka kwa afya na kipi kwa ugonjwa. Siku alipopokea chai kutoka kwa shemeji yake na kukuta nusu iko kwenye sahani, aliutazama mkono ulioileta. Alikunywa ya kwenye sahani, akamalizia ya kwenye kikombe, akaondoka.

Akarudi baada ya siku chache na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa kalamu nene. Bomba lake lilikuwa la mswaki wa umeme, mota na betri vya mashine ya kunyolea, na nchani aliweka kigurudumu kidogo kuliko punje ya mchele. Ukikichovya kwenye wanja na kukiwasha, kilizunguka chenyewe na kuacha mstari nyuma yake. Alieleza kwamba ameshajipaka mwenyewe kwenye kioo cha pikipiki, na mstari umetoka kama wa rula. Kweli macho yake yalikuwa na wanja, na wanyoaji wote wa mtaa walikuwa wamemwita mrembo tangu asubuhi.

Mkono wa Pamba hakulia wala hakumkumbatia mtu. Aliipima kalamu uzito kiganjani, akauliza betri inadumu kiasi gani, akamwita binti wa duka la vitambaa aketi. Kalamu iliponguruma tu, kabla haijafika, binti alijikunja kama mtu aliyesikia nyuki. Walipojaribu tena, aliruka, na wanja ukaishia sikioni.

Fundi akasema binti ni mwoga, mbona yeye alitulia.

"Shemeji, ushawahi kujitekenya ukacheka?"

Fundi akajitia kidole ubavuni, akatikisa kichwa.

"Mkono wako na jicho lako ni ndugu, walishaambiana. Njoo ukae hapa."

Akamkalisha, akamfumbisha macho, akaisogeza kalamu inayonguruma karibu na uso wake. Fundi, aliyekula na mashine na kunywa na mashine, akakaza shingo. Mkono wa Pamba akaizima. Halafu akaweka kidole chake cha mwisho shavuni mwa shemeji, kikitetemeka vilevile. Shingo ikalegea.

"Umeona? Jicho linataka hodi kwanza. Wewe umeliletea kelele hewani. Na hii swichi umeiweka kwenye dole gumba kama mtu anayenyoa kisogo. Dole gumba langu lina kazi nyingine."

Fundi akasema basi ataongeza nguvu ya mota, kazi iishe haraka kabla mtu hajaogopa. Akaambiwa apunguze, nguvu aipeleke huko kwenye visogo.

Kuanzia hapo walibishana kama watu wanaouziana ng'ombe. Fundi alitaka kalamu nyepesi, mpambaji akataka nzito upande wa nyuma ili itulie mkononi. Fundi alitaka kuifunga taa nchani, mpambaji akamuuliza nani anafumbua jicho akimulikwa. Mwisho kila mmoja aliachia kidogo: uzito ukakaa kwa mpambaji, rangi ya bomba ikawa ya fundi, naye akachagua nyekundu ya kuumiza macho. Lakini jambo kubwa lilikuwa mguu. Ubavuni mwa kalamu fundi alifunga mguu mfupi wenye kisigino cha mpira, utue palepale kilipotua kidole, na swichi akaihamishia humo ndani. Mguu ukigusa shavu, kigurudumu kinaanza taratibu, ukiinuka, kinanyamaza. Hewani haingurumi kamwe. Na mtetemeko ukishuka mkononi, ulikwama kwenye kile kisigino. Kigurudumu hakikupata habari. Binti wa vitambaa, alipoketishwa tena, aliuliza wataanza lini, jicho lake la kwanza likiwa limeshapakwa.

Kilichobaki bila swichi ni mdomo wa shemeji. Kwa kujivuna, alimsimulia kila aliyeleta mashine jinsi mkono wa shemeji yake ulivyoharibika na jinsi yeye alivyouokoa. Habari ikavuka barabara. Msusi, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kupokea macho pia, akawa anawauliza watu kwa uso wa huruma kama hawaogopi kumkabidhi mgonjwa jicho. Kiti cha kliniki kikaanza kukaa kitupu.

Mkono wa Pamba akashuka hadi kwenye ngazi. "Shemeji," akamwambia, "mkono umenipa, wateja umewafukuza."

Fundi, aibu imemjaa, akajitolea kuzunguka mtaa mzima akiapa kwamba aliongopa. Mkono wa Pamba akalifikiria hilo kama anavyofikiria bidhaa ya bei rahisi, akalikataa. Uongo huo ungehitaji kulindwa kila siku, naye ana kazi.

Aliyefuata kuingia alikuwa bibi harusi mtarajiwa, amekuja kujaribu kabla ya siku yenyewe, na mama yake, mteja wa zamani, aliyebaki amesimama mlangoni na pochi kwapani. Bibi harusi hakuzungusha maneno.

"Shangazi, wanasema mkono wako unatetemeka."

Mkono wa Pamba akaunyoosha chini ya taa, vidole vimetanuka, akauacha hapo wautazame wote wawili mpaka waridhike.

"Unatetemeka," akasema. "Kaa."

Binti akamtazama mama yake, mama akatazama kalamu nyekundu. Binti akakaa. Mguu ukatua shavuni, kigurudumu kikaenda, mstari ukapita mwembamba, kama ule wa zamani kabla ya miaka ya unene. Binti akachukua kioo, akageuza uso huku na huku. Mama yake akatoka mlangoni, akainama, akachungulia kwa karibu sana.

"Sasa," akasema yule mama, akijiweka sawa, "kama mashine ndiyo inayofanya kazi, si utupunguzie?"

Hapo Mkono wa Pamba akajua kiti chake kimerudi, maana mtu anayekimbia hasumbuki kubishana bei. Akaichovya kalamu kwenye wanja bila haraka.

"Bei yangu ni ya macho mawili, dada. Kama mnataka moja tu, basi ainuke."

Binti akafumba jicho la pili.