Koki ya Mama Mkwe

Mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kijijini Haneti, kama ilivyo ada, na hakurudi. Mtoto aliota meno, akaanza kutambaa, mimi niliyebaki nyumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu, sijamwona hata ukucha. Nilipotuma mtu kuuliza, mama mkwe alijibu kwamba binti yake ndiye anayemchotea maji korongoni. Siku maji yatakapofika uani kwake yenyewe, nitampata mke wangu. Enzi zile za Mwingereza, kudai maji yaje yenyewe Haneti ilikuwa sawa na kudai reli ipite jikoni.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Serikali ilikuwa imejenga tangi la kunyweshea ng'ombe juu ya mteremko wake, na Bwana Shauri, ofisa wa Kizungu wa wilaya, akaturuhusu kuvuta maji. Mjini nako kulikuwa kumeingia bomba la plastiki, jeusi, linalokunjika, watu wakaliita mpira. Nilitaka kununua kila kitu mwenyewe. Mama mkwe akakataa: koki angeichagua yeye.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Kwa hiyo dukani kwa Mhindi mmoja muuza vyuma, yeye aliketi nyuma ya magunia, khanga usoni, mimi nikasimama mlangoni nikitazama barabara. Mwenye duka akawa mjumbe wetu.

“Mwambie mkwe wangu huu ni utumbo, si bomba.”

“Mama anasema...”

“Nimesikia,” nilisema. “Mwambie unahimili.”

“Mama, yeye anasema...”

“Nimesikia. Niletee koki.”

“Kama wote mnasikia,” mwenye duka aliuliza, akifuta miwani, “mimi hapa nina kazi gani?”

“Kazi ya heshima,” mama mkwe akamjibu.

Koki alizichagua kwa pumzi. Kila moja aliifunga, akaiweka mdomoni, akapuliza mpaka mashavu yakatuna. Iliyopitisha pumzi hata kidogo aliikataa. Kisha akamtaka mwenye duka apulize naye, na mzee mmoja aliyekuja kununua misumari. Ikashinda koki ya shaba, nene, ya bomba la chuma, mdomo wake mpana kuliko mpira wetu. Nikamwambia mjumbe kwamba hapo katikati panahitaji kiungio: upande mmoja kina hesi, ile mizunguko kama ya skrubu, za kuingia kwenye koki, upande wa pili kinachomekwa ndani ya mpira na kukazwa kwa klipu. Akakileta. Kilikuwa cha plastiki, chepesi. Mama mkwe akakipima kiganjani.

“Kitu kisicho na uzito hakizuii kitu,” alisema, akakirudisha.

Nilijua tunaharibu. Lakini kubishana na mkwe kupitia kwa mtu wa tatu kunachosha, na mimi nilimtaka mke wangu.

Haneti nikauchomeka mpira kwenye koki hivyo hivyo, nikazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, nikafunga waya mpaka fundo likawa kubwa kama boga. Halafu nikajificha nyuma ya ua wa minyaa, maana mama mkwe alikuwa anatoka kwenda kufungua maji yake. Jirani tuliyemweka kule tangini akayaachia.

Mpira ukatuna. Fundo likakoroma, likafyatuka, koki ikaruka upande wake, maji yakamwagika kila mahali. Mama mkwe aliudaka mpira kwa mikono miwili, nao ukamzungusha uani.

“Shika!” alipiga yowe. “Shika, mwanangu!”

Nikaruka ua. Tukaukumbatia pamoja, uso kwa uso, tumelowa chapachapa, khanga yake iko matopeni. Mlangoni mke wangu alicheka mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. Mama mkwe alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake.

“Kumbe umekonda hivi,” alisema. “Nani anakupikia?”

“Hakuna, mama.”

Maji yalimtiririka puani.

“Mchukue mkeo,” akasema. “Lakini usiachie kwanza.”

Nilikuwa nimekwisha kuachia.